Mji Mdogo Baina ya Dola Mbili: Mjadala juu ya Hadithi za Vita vya Nyota

Miongoni mwa hadithi ambazo vijana wetu wa pwani ya kusini, tangu Likoni hadi Vanga, huzisoma na kuzitazama kwa shauku kubwa, ni zile za falme za nyota: dola mbili au tatu zilizotanda katika sayari zisizo idadi, kila moja na majeshi yake, merikebu zake za angani na majasusi wake, na kila moja ikitaka kuitawala nyingine. Aghalabu zimeandikwa kwa Kiingereza, na wasomaji wetu huzisoma kwa lugha hiyo hiyo. Lakini sasa wako wanaotaka kuziandika kwa Kiswahili, na hapo ndipo linapozuka swali lenye uzito. Je, hadithi za namna hii zafaa kuandikwa kwa lugha yetu, na zikiandikwa, zitamfaa nini msomaji wa Diani, wa Msambweni au wa Lunga Lunga?

Swali hili nimelipanga hapa kwa utaratibu wa mjadala, ili kila hoja ipate msemaji wake na kila msemaji apate haki yake. Wasemaji ni wanne, nao si watu mahsusi bali ni sauti za fikra zilizoenea katika baraza zetu: Maalim, aliyesomesha fasihi Msambweni hadi akastaafu, Kijana wa Diani, mtunzi wa hadithi, Bi Mwalimu, anayesomesha historia Gazi, na Nahodha wa Vanga, aliyezeeka katika kazi ya bahari. Mimi nimejipa kazi ya mwenyekiti, yaani kufungua, kutoa zamu, na mwisho kukata hukumu. Mada iliyo mbele ya baraza ni kwamba hadithi za vita vya dola za nyota na ujasusi wake hazina faida kwa msomaji wa Kiswahili.

MAALIM: Mwenyekiti, na jamaa wa baraza, naanza kwa salamu na taadhima. Naiunga mkono mada, wala siiungi kwa kuchukia mambo mapya, maana mwenye kuchukia elimu mpya huidhulumu nafsi yake. Naiunga kwa sababu nimezisoma hadithi hizi na kuzipima, nikaona kwamba zilizaliwa kwa haja ya watu wengine. Mwingereza H. G. Wells alipotoa kitabu chake cha The War of the Worlds mwaka 1898, akasimulia viumbe wa Mirihi wanaoishukia Uingereza kwa silaha zisizozuilika, alikuwa raia wa dola kubwa kuliko zote za zama zake. Na Mmarekani Robert Heinlein alipotoa Starship Troopers mwaka 1959, ilikuwa imepita miaka miwili tu tangu Warusi waipeleke Sputnik angani tarehe 4 Oktoba 1957 na kuitia Marekani fadhaa kubwa. Hofu iliyomo ndani ya vitabu hivyo ni hofu ya mwenye nguvu anayechelea kuzaliwa kwa mwenye nguvu kumshinda. Mkulima wa minazi wa Ukunda na mvuvi wa Msambweni hawakupata kuwa na dola ya kuichelea, basi kwa nini tuwatwishe hofu isiyo yao?

Fauka ya hayo, hadithi hizi huvipamba vita. Sayari yenye viumbe maelfu ya maelfu huteketezwa kwa sentensi moja, na msomaji, ambaye macho yake yamejaa fahari ya merikebu na mizinga ya miale, hufunua ukurasa unaofuata bila ya kumwombea rehema maiti hata mmoja. Mwenye kuzoea kufa kwa sayari katika kitabu, atashtushwa na nini akisikia kwamba kijiji kimechomwa? Tena kalamu zetu ni chache, na mwenye kalamu chache hana budi kuchagua. Kwale ina watu wanaoishi juu ya ardhi ya babu zao ilhali hati ya ardhi hiyo imo mkononi mwa mtu mwingine. Ina vijiji vya Kinango ambavyo mwanamke hutembea nusu ya siku kutafuta maji. Mtunzi anayeyaacha haya akaenda kuandika habari za sayari ambayo hakuna aliyeiona, amekimbia dhima yake.

KIJANA: Shikamoo, Maalim. Naipinga mada, na ninaipinga kwa heshima, kwa kuwa wewe na wenzako ndio mliotufundisha kwamba fasihi yetu haikuanza jana. Mwaka 1728, katika kisiwa cha Pate, Mwengo bin Athumani alitunga utendi mrefu wa vita vya Tambuka, yaani vita baina ya Waislamu na dola ya Rumi chini ya mfalme Herekali. Nchi aliyoisimulia ilikuwa mbali na Pate kwa safari ya miezi, na vita vyenyewe vilikuwa vya karne kumi na moja nyuma yake. Walakini hakuna aliyemwambia kwamba habari za dola mbili kubwa zinazogombania ulimwengu si kazi ya mshairi wa kisiwa. Washairi wa Mombasa na Lamu, katika zama za vita vya Shela, walirushiana mashairi ya mafumbo yaliyopimwa kwa makini kama barua za siri, na Muyaka bin Haji alikuwa bingwa wa kuficha tishio ndani ya beti. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy aliandika utenzi wa jinsi Wadachi, yaani Wajerumani, walivyoutamalaki Mrima, na ndani yake mna manowari na mizinga ambayo watu wa pwani hawakuwa na kinga yake. Kama hadithi ya watu walioshukiwa na silaha za ulimwengu mwingine ni hadithi ngeni, basi mgeni huyo amekaa kwetu zaidi ya miaka 130.

Katika zama zetu mlango huo haukufungwa. Elvis Musiba wa Tanzania alitoa Kufa na Kupona mwaka 1974, akamtia humo Willy Gamba, jasusi Mwafrika anayepambana na maadui wa ukombozi, na vijana wa Afrika Mashariki wakamsoma hadi kurasa zikachakaa. Katama Mkangi, mwana wa pwani yetu hii, alitoa Walenisi mwaka 1995, na humo mtu aliyehukumiwa kufa anaingizwa katika chombo cha angani, naye badala ya kuangamia anafika kwenye ulimwengu mwingine wenye insafu. Basi jasusi tunaye, na chombo cha angani tunacho; lililobaki ni kuwakutanisha katika kitabu kimoja.

Ama hili la kuvipamba vita, Maalim wangu, ni kweli kwa vitabu vingi, lakini si kweli kwa vyote. Huyo Wells uliyemtaja, katika kurasa za mwanzo za kitabu chake, anawakumbusha Waingereza maangamizi waliyowatendea watu wa Tasmania kabla hawajawalaumu watu wa Mirihi. Na Joe Haldeman, aliyepigana Vietnam na kujeruhiwa huko, alitoa The Forever War mwaka 1974, akamweleza askari wa vita vya nyota ambaye kila akirejea nyumbani hukuta miongo na hata karne zimepita, asimjue mtu wala asijulikane. Kitabu hicho hakimwiti mtu vitani.

NAHODHA: Mimi sina elimu ya vitabu hivyo, mwanangu, lakini nyota nazijua, maana baba yangu alinifundisha njia ya usiku kabla sijafundishwa kuandika jina langu. Kwa upande wa nyota sina ugomvi nawe. Ugomvi wangu uko kwenye ujasusi. Dini yetu yatukataza kupekua siri za wenzetu na kusengenyana, na kazi ya jasusi ni hiyo tangu asubuhi hadi jioni: kula na mtu, kulala chini ya dari yake, kumwita ndugu, kisha kumuuza. Vanga ni mji wa mpakani. Mwaka 1886 Waingereza na Wadachi walikubaliana huko kwao kwamba mpaka uanzie penye mdomo wa Mto Umba, na tangu siku hiyo mtu wa Vanga mwenye mjomba Jasini na shangazi Moa amekuwa mtu wa nchi mbili bila ya kuhama. Katika mji kama huo, neno moja la fitina laweza kuvunja nyumba kumi. Mkiwapa vijana hadithi ambazo shujaa wake ni jasusi, mtakuwa mmewafunza kwamba hiyana ni akili, na uaminifu ni ujinga.

Tena nauliza jambo la kazi. Jasusi katika hadithi zenu hutuma habari, na habari hufika papo hapo, toka nyota hii hadi nyota ile. Nimeambiwa na wenye elimu ya falaki kwamba nyota iliyo karibu nasi kuliko zote, ukiliondoa jua, nuru yake husafiri zaidi ya miaka minne ndipo itufikie. Basi habari ya jasusi itapita wapi?

BI MWALIMU: Nimeomba zamu kwa sababu hoja ya Maalim na hoja ya Nahodha zote mbili zaweza kujibiwa kwa historia ya mahali tulipo. Maalim amesema kwamba watu wetu hawakuwa na dola ya kuichelea. Ni kweli hawakuwa na dola kubwa. Lakini walikuwa baina ya dola kubwa, na kukaa baina ya dola kubwa ni ilimu yenye historia na mashujaa na majuto yake.

Mazrui walipoondolewa Mombasa na Seyyid Said mwaka 1837, tawi moja lilikimbilia Takaungu na jingine likaja hapa Gazi. Kutoka Gazi Mbaruk bin Rashid aliwasumbua masultani wa Unguja kwa miaka mingi, na ngome yake ya mafichoni ilikuwa Mwele, ndani ya nchi ya Kwale. Akaishi hadi akawaona Wadachi wakishika upande wa kusini na Waingereza upande wa kaskazini, akawa hana tena Sultani mmoja wa kupambana naye bali dola mbili za Ulaya ambazo kila moja ilimpima kwa maslahi yake. Mwezi wa Agosti 1895 Admirali Rawson wa Uingereza aliivunja Mwele. Na Aprili 1896 Mbaruk, pamoja na watu wake, alivuka mpaka na kujisalimisha kwa Wadachi, akakaa Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1910. Mtazameni mtu huyu: amekataa dola moja, akaishia kuwa mgeni wa nyingine, na asiipate Gazi yake tena. Mwenye kutaka kuandika habari za kiongozi wa sayari ndogo iliyobanwa na falme mbili za nyota, asiende mbali kutafuta kielelezo.

Kisha ikaja vita ya 1914. Wadachi walipanda pwani wakielekea Mombasa, na mwezi wa Oktoba mwaka huo yakapiganwa mapigano hapa Gazi. Mwezi uliofuata Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kutoka India kuishambulia Tanga, wakashindwa na jeshi la Wadachi chini ya Lettow-Vorbeck lililokuwa na watu wachache mno kuliko wao. Wenye kuandika historia husimulia nyuki waliowavamia askari, na nyuki kweli walikuwako. Lakini somo la ujasusi liko kwingine. Tarehe 2 Novemba nahodha wa manowari ya Kiingereza Fox aliingia Tanga peke yake kwanza, akawaarifu Wadachi kwamba mapatano ya kutopigana hayapo tena, akauliza kama bandari imetegwa mabomu, kisha akaondoka. Na askari walipokuja kushuka, Wadachi walikuwa wamekwisha kuleta jeshi lao kwa reli. Siri ya dola kubwa haikuibwa na jasusi yeyote. Ilitolewa bure na mwenyewe. Na Januari 1915, hapo Jasini karibu na Umba, Wadachi walishinda tena, lakini kwa hasara iliyomfunza Lettow-Vorbeck kwamba hawezi kushinda mara nyingi kwa gharama hiyo.

Sasa namjibu Nahodha. Alikuwako Mwingereza akiitwa Arthur Wavell, mwenye shamba la katani karibu na Mombasa. Kabla ya vita alisafiri hadi Makka kwa kujifanya Mzanzibari, na mmoja wa waliofuatana naye katika safari hiyo alikuwa Mswahili wa Mombasa kwa jina la Masaudi. Fikirini hatari ya Masaudi: mgeni akikosea kauli, kuswali au kuvaa ihramu, anayeulizwa kwanza ni mwenyeji aliyemleta. Vita ilipozuka Wavell akaunda kikosi cha Waarabu wa Mombasa, wakapigana katika pwani hii ya kusini, na tarehe 9 Januari 1916 akauawa Mwele Ndogo, katika nchi ile ile alikojificha Mbaruk. Ukumbusho wake uko Mombasa, na kitabu chake cha safari kingali kinasomwa. Lakini Masaudi tunamjua kwa kitabu cha mwingine tu, na wale waliowaongoza askari wa pande mbili katika vichaka vya Shimba, waliowaonyesha visima na vivuko, waliolazimishwa kusema na waliosema kwa njaa, na pengine wale waliosema kwa upande mmoja usiku na kwa upande wa pili alfajiri, hakuna kitabu kilichowapa nafasi. Hao ndio majasusi wa kweli wa pwani hii. Kuwaandika si kuisifu hiyana. Ni kuuliza nani alimfikisha mtu mwaminifu hapo, na kwa amri gani, na malipo yake yalikuwa nini.

MAALIM: Bi Mwalimu amesema maneno yenye burhani, nami simkatalii hata moja. Lakini burhani yake imesimama upande wangu bila ya yeye kukusudia. Ikiwa Mbaruk yuko, na Jasini iko, na Masaudi yuko, basi tuandike Mbaruk, tuandike Jasini, tuandike Masaudi! Kwa nini mtoto wa Gazi asomeshwe habari za sayari isiyokuwako ilhali hajui kilichotokea nyuma ya shule yake? Hadithi ya nyota itakuwa pazia linaloifunika historia, badala ya taa ya kuimulika.

KIJANA: Hapo, Maalim, umeligusa lililo kubwa, na jibu langu lina pande mbili. Upande wa kwanza ni kwamba mwanahistoria hana budi kusimama pale waraka unaposimama. Masaudi hakutuachia daftari. Mwongoza njia wa Mwele hakuandika barua. Bi Mwalimu, kwa uaminifu wa fani yake, hawezi kutuambia kilichopita moyoni mwa mtu huyo usiku ule alipochagua. Mtunzi wa hadithi anaweza, na akiipeleka hadithi kwenye sayari nyingine anaweza bila ya kumsingizia marehemu yeyote wala kuuamsha ugomvi wa wajukuu. Mkangi aliwekwa kizuizini katika miaka ya 1980; alipokuja kutoa Walenisi, ulimwengu wa mbali ulimpa nafasi ya kuipima nchi yake yote kwa mizani moja.

Upande wa pili ni kwamba mambo haya hayakwisha mwaka 1916. Shika mkononi mchanga mweusi wa ilmenaiti uliochimbwa Maumba na Nguluku: ni mzito kuliko ulivyoutazamia, na ukisogezewa sumaku kali, punje zake huinuka na kuuacha mchanga mweupe ulikolala. Kwa njia hiyo ya sumaku, pamoja na maji na umeme, kampuni ya Base Titanium ilikuwa ikitenga ilmenaiti, rutaili na zirikoni, ikazipakia melini Likoni kwa zaidi ya miaka kumi, hadi machimbo yakafungwa mwishoni mwa 2024. Sehemu kubwa ya ilmenaiti na rutaili duniani huishia kuwa rangi nyeupe, kama ile ya kupakia nyumba. Lakini titani yenyewe ni metali ya vita na ya anga. Katika zama za Vita Baridi, Marekani ilipotaka kuunda ndege za upelelezi za kuruka juu ya maadui kwa kasi isiyofikiwa, zile zilizokuja kujulikana kwa jina la Blackbird, haikuwa na titani ya kutosha, ikainunua kwa siri kutoka Urusi yenyewe, kwa kupitia makampuni ya kuficha uso. Yaani dola moja iliuza bila ya kujua metali ya ndege iliyoundwa kuipeleleza. Ni mtunzi gani wa hadithi za nyota aliyepata kubuni hila kubwa kuliko hiyo?

Na tazameni Mlima wa Mrima huko Lunga Lunga, ambao ni msitu wa kaya, mahali pa sala na makaburi ya Wadigo. Ndani yake mna niobiamu na madini adimu. Niobiamu huingia katika midomo ya injini za roketi, na madini adimu hutengenezewa sumaku za makombora na setilaiti. Mwaka 2013 kampuni ya Cortec ilitangaza kwamba mali iliyomo humo yafikia dola za Kimarekani bilioni 62.4; serikali ikaifuta leseni yake mwaka huo huo, na kesi ikapelekwa kwenye baraza la kimataifa la usuluhishi, ikahukumiwa mwaka 2018 kwa upande wa Kenya. Dola kubwa za leo zinagombania madini ya namna hii ulimwenguni kote. Mzee anayeingia kaya kwa adabu, bila ya viatu, anakanyaga kitu ambacho majeshi ya angani yanakihitaji. Hii si hadithi ya baadaye ya watu wengine.

Wala anga lenyewe si geni. Pwani yetu hii hii, huko Ngomeni karibu na Malindi, Wataliano walijenga jukwaa baharini, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikarushwa kutoka hapo setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kuwekwa makusudi kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Na tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye uzito wa kilo zipatazo 500, iliyoelezwa kuwa kipande cha roketi, ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni, ambacho watu wake hawakuwa na roketi yoyote.

NAHODHA: Sasa, mwanangu, umesema lugha yangu. Basi nami nitakupa kitu cha kutia katika kitabu chako, maana hukunijibu lile swali la habari kupita wapi. Jahazi la Oman lilikuja kwetu na kaskazi, baina ya Desemba na Machi, likarudi na kusi. Na nahodha aliyechelewa akapitwa na upepo alikaa mwaka mzima ugenini. Habari zote za Maskati zilikuja hivyo. Sultani aliweza kufa, na hapa watu wakaendelea kumwombea umri mrefu. Mtu aliyetumwa kupeleleza alipeleka habari ya msimu uliopita kwa bwana ambaye huenda amekwisha kubadili shauri, akangoja amri hadi msimu ujao. Zifanyeni nyota ziwe mbali kama zilivyo kweli. Jasusi wenu atume habari leo, nayo ifike mtoto wake akiwa mtu mzima. Na akae katika mji wa adui miaka yote hiyo, aoe, azae, azike, hata siku amri ifikapo asijue tena adui ni nani. Hadithi ya namna hiyo nitaisikiliza, kwa sababu ndani yake hiyana ina bei, na mwenye kuilipa anaonekana.

BI MWALIMU: Nami naongeza sharti langu, nalo linatokana na hofu ya Maalim. Mtunzi asome historia kwanza. Mwenye kuandika mpaka wa nyota aende Vanga akauone mdomo wa Umba, na mwenye kuandika ngome ya waasi apande Mwele. Msomaji akikifunga kitabu cha nyota na kuja kuniuliza habari za Mbaruk, nitajua kwamba pazia analoliogopa Maalim halikushuka.

MAALIM: Kwa masharti hayo, Mwenyekiti, nalegeza msimamo wangu, ila siuachi wote. Nashikilia kwamba sayari isiteketezwe bila ya maiti zake kuhesabiwa na kuzikwa. Mtunzi akishindwa kumwonyesha msomaji mtu mmoja aliyekufa katika mji ule, jina lake na kazi yake na waliomlilia, basi hana idhini ya kuupiga mji huo mzinga.

MWENYEKITI: Nimewasikiliza nyote, na hukumu yangu ni hii. Mada imeanguka. Hadithi za vita vya dola za nyota na ujasusi wake zina faida kwa msomaji wa Kiswahili, na msomaji wa pwani ya kusini ana haki nazo kuliko wengi, kwa kuwa amekaa mahali ambapo Sultani na Mazrui, Mdachi na Mwingereza, na leo wanunuzi wa madini kutoka pande zote za dunia, wamekutana na kupimana nguvu. Lakini faida hiyo haitapatikana kwa kuiga. Vitabu vingi vya namna hii vimeandikwa kutoka kwenye daraja la nahodha wa manowari ya nyota au kutoka kwenye chumba cha mkuu wa majasusi, yaani kutoka mahali ambapo mji mdogo huonekana kama nukta kwenye ramani. Sisi tuna uwezo wa kuviandika kutoka ndani ya nukta hiyo. Hapo ndipo Kiswahili kitakapoongeza kitu ambacho lugha za dola kubwa hazikukiongeza, maana watu wetu wamejua tangu zamani kwamba dola mbili zinapogombana, swali la kwanza la mji mdogo si nani atashinda, bali ni nani atakayetulazimisha kumwonyesha njia, na tutaishije na wenzetu baada ya kuionyesha.

Naikubali pia tahadhari ya Maalim juu ya maiti wasiohesabiwa, naikubali hoja ya dini ya Nahodha juu ya hiyana, na naikubali amri ya Bi Mwalimu kwamba historia itangulie. Hayo hayaizuii hadithi; ndiyo yanayoipa uzito, na hadithi ya nyota isiyokuwa nayo itabaki kuwa fataki.

Kwa hiyo nawaomba wachapishaji wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam wasizirudishe hati za vijana kwa sababu tu zina roketi ndani yake, na nawaomba walimu wa Msambweni, Matuga, Kinango na Lunga Lunga wazipe hadithi hizi nafasi katika maktaba za shule, kando ya tenzi na kando ya vitabu vya historia. Na wewe, kijana wa Kwale mwenye kalamu, nakusihi uanze na yule mwongoza njia wa Mwele ambaye hakuna aliyemwandika. Mpeleke kwenye nyota yoyote upendayo, lakini mpe jina, mpe watu wake, na mwache aseme mwenyewe.